Sandwichi ya Wazi au ya Kufunika? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Jiko letu liko Mtwara mjini, na kazi yake kubwa ni chai ya saa nne: vitafunwa vya semina, vikao vya ofisi, vikao vya harusi na shughuli nyingine ndogondogo za mjini na Mikindani. Tangu tulipoanza kuweka sandwichi za wazi, yaani slesi moja ya mkate yenye kitoweo juu yake, pembeni ya zile za kufunika zilizozoeleka, wateja wamekuwa wakiuliza mengi, na mengi yao ni yaleyale. Tumeyakusanya hapa. Mwenye haraka asome jibu la kwanza, linamtosha.

Kwa kifupi, ipi ni bora?

Sandwichi inayoliwa mezani muda mfupi baada ya kutengenezwa ni bora iwe ya wazi. Inayosafiri, hata kama safari yenyewe ni ya humuhumu mjini, kutoka Shangani hadi Ligula tu, ni bora iwe ya kufunika. Hatusemi hivyo ili kumridhisha kila mtu. Tunasema hivyo kwa sababu slesi ya juu haiongezi ladha yoyote, bali kazi yake ni kuulinda mkono usichafuke na kuilinda sandwichi isimwagike njiani. Ukishaweka kisu na uma mezani, na ukishaondoa safari, slesi ile inabaki kuwa ya kujaza tumbo tu, na mara nyingi inakifukia kitoweo ambacho mpishi amehangaika nacho tangu alfajiri.

Je, ya wazi ni sandwichi kweli, au ni mkate uliopakwa vitu?

Swali hili limewahi kufika mbali. Nchini Marekani Idara ya Kilimo inazitambua zote mbili kuwa sandwichi, ila inazitofautisha kwa kipimo: ya kufunika yenye nyama inatakiwa iwe na angalau asilimia 35 ya nyama iliyopikwa na mkate usiozidi asilimia 50, ilhali ya wazi inatakiwa iwe na angalau asilimia 50 ya nyama iliyopikwa. Hata ukaguzi wa viwandani umegawanywa: za nyama zilizo wazi zinakaguliwa na Idara hiyo ya Kilimo, na za kufunika ziko chini ya mamlaka ya chakula na dawa, kana kwamba slesi moja ya mkate inaweza kuhamisha chakula kutoka wizara hadi wizara.

Mwaka 2006, mjini Worcester katika jimbo la Massachusetts, duka moja la mkate lilikwenda mahakamani kuzuia muuza burito asifungue biashara kwenye eneo lilelile la maduka, kwa kuwa mkataba wake wa pango ulikataza duka jingine la sandwichi. Jaji aliamua kwamba burito si sandwichi, kwa sababu sandwichi kwa kawaida huwa na vipande viwili vya mkate, wakati burito ni chapati moja nyembamba iliyokunjwa. Kwa kipimo cha jaji huyo, hata ya wazi ingeshindwa kesi. Sisi tunaegemea kipimo cha Idara ya Kilimo, kwa kuwa kinazikubali zote mbili kuwa sandwichi.

Ipi ilianza?

Mkate wenye kitoweo juu yake ni wa zamani zaidi. Ulaya ya zama za kati, watu walitumia kipande kinene cha mkate mkavu kama sahani: nyama na mchuzi viliwekwa juu, na mwishoni mkate wenyewe, uliokwisha kulowa, uliliwa au ulipewa maskini au mbwa. Sandwichi ya kufunika ilipata jina lake kwa John Montagu, Mwingereza mwenye cheo cha Earl wa Sandwich, aliyezaliwa mwaka 1718 na kufariki mwaka 1792. Hadithi inayosimuliwa sana ni kwamba aliagiza nyama katikati ya vipande viwili vya mkate ili asiondoke kwenye meza ya kamari. Mwandishi wa wasifu wake, N. A. M. Rodger, aliona kuwa huenda meza yenyewe ilikuwa ya kazi, maana bwana huyo alikuwa na shughuli nyingi za serikali na za jeshi la majini. Iwe kamari au mafaili, alichokitaka ni mkono mmoja uwe huru na usiwe na mafuta, na ndiyo kazi ileile tuliyoitaja katika jibu la kwanza.

Ya wazi imekuzwa zaidi na watu wa kaskazini mwa Ulaya. Wadenmark wana smørrebrød, yaani slesi nyembamba ya mkate mzito wa rai (nafaka ya jamii ya ngano), iliyopakwa siagi mpaka ukingoni na kupangwa samaki, nyama au mayai, ambayo huliwa kwa kisu na uma kwa utaratibu wake: samaki aina ya heringi hutangulia, kisha samaki wengine, kisha nyama, na jibini mwisho. Watu wa kusini hii ya Tanzania hawako mbali sana na desturi hiyo kama inavyodhaniwa. Wajerumani wa shirika la Wabenediktini, waliofungua misheni ya Ndanda mwaka 1906, wanatoka katika nchi ambayo chakula cha jioni cha nyumbani mara nyingi ni mkate wa wazi wenye jibini au soseji. Wafini nao, ambao serikali yao ilifadhili miradi ya maji na ya maendeleo vijijini katika mikoa ya Mtwara na Lindi kuanzia miaka ya 1970, kwao slesi ya wazi ni kifungua kinywa cha kila siku.

Kwa nini sandwichi ya kufunika hulowa, na ya wazi hukauka?

Hapa ndipo penye siri ya mambo yote, na mwenye kuelewa hapa hahitaji kufundishwa zaidi. Maji hutoka palipo na maji mengi kwenda palipo na maji machache. Nyanya, tango na samaki aliyekamuliwa ndimu vina maji mengi kuliko mkate, kwa hiyo mkate huyanywa. Katika sandwichi ya kufunika, mkate unakunywa kutoka juu na kutoka chini, na mvuke hauna pa kutokea, hasa ukiifungia kwenye mfuko wa plastiki. Baada ya saa mbili za joto la Januari, slesi zinakuwa laini kiasi cha kushika alama za vidole. Ya wazi inakunywa upande mmoja tu, na upande wa juu unapoteza maji hewani: yai lililochemshwa linakakamaa pembeni, parachichi linageuka kahawia, na samaki anapoteza mng'ao wake.

Kwa hiyo dawa zake ni mbili tofauti. Ya kufunika inahitaji kinga dhidi ya maji, na kinga iliyo rahisi ni mafuta: paka siagi au Blue Band slesi zote mbili, na upake mpaka kwenye kona, kwa maana sehemu iliyoachwa bila mafuta ndiyo inayotoboka kwanza. Siagi halisi huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, joto ambalo jiko lolote la Mtwara hulifikia mchana bila taabu, hivyo ipake ikiwa baridi na uiweke sandwichi kivulini mara moja. Toa mbegu za nyanya, panga majani ya saladi kati ya nyanya na mkate, na nyunyiza chumvi mwishoni kabisa, kwa kuwa chumvi huvuta maji yatoke. Ya wazi inahitaji kinga dhidi ya hewa: ndimu juu ya parachichi, tone la mafuta juu ya samaki, na mlaji asiyechelewa. Huyo mlaji ni muhimu kuliko ndimu.

Mkate gani unafaa?

Mkate laini wa slesi wa dukani unafaa sana kwa ya kufunika, ila ukitengenezewa ya wazi hupinda katikati kama daraja bovu, na kitoweo kinaishia kwenye shati. Uutosti kwanza. Wasio na tosta waweke slesi juu ya wavu kwenye jiko la mkaa lililokwisha kupoa kidogo, waigeuze mara uso wake unapokuwa mgumu na wa rangi ya asali, kisha waiache ipoe kabla ya kupaka chochote. Ikipakwa ingali moto, siagi inazama na kinga inapotea. Mkate uliolala siku moja ni bora kuliko wa asubuhi hiyohiyo, kwa kuwa unakatika vizuri na hauvunjiki. Usiuweke kwenye friji, maana ubaridi wa friji huuchakaza mkate haraka kuliko joto la kabatini.

Skonzi ni za kufunika tu.

Samaki na pweza viwekwe katika ipi?

Samaki wa nyama nene kama nguru na jodari, akishachemshwa au kukaangwa, akachambuliwa miiba na kuchanganywa na kitunguu kilichokatwa ndogondogo, ndimu na pilipili mbichi kidogo, anafaa kotekote. Kwa ya kufunika, mchanganye na mayonezi au parachichi lililopondwa ili ashikamane, la sivyo vipande vinaponyoka kwa nyuma unapouma kwa mbele. Kwa ya wazi, mwache katika mapande makubwa yanayoonekana, na usimfunike kwa mayonezi. Mteja wa Mtwara anajua samaki mbichi na samaki aliyelala, na anataka kumwona kabla ya kumla.

Pweza ni wa sandwichi ya wazi, na kwa hili hatubishani na mtu. Ukimweka katikati ya slesi mbili, meno hayamkati kwa mara moja: unavuta, mkono mzima wa pweza unatoka kwa pamoja, na unabaki umeshika mkate mtupu huku kitoweo kikining'inia kidevuni mbele ya watu wa semina. Mchemshe mpaka kijiti kipenye bila nguvu, mwache apoe katika maji yake, kisha umkate mshazari vipande vyembamba vyenye ukubwa wa sarafu. Panga vipande hivyo juu ya slesi iliyotostiwa na kupakwa parachichi, nyunyizia ufuta uliokaangwa, ambao Lindi inatupatia kwa wingi, na ukamulie ndimu juu yake wakati mlaji amekwisha kuketi. Bei ya pweza inakuwa nafuu wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali na wavuvi wengi, wakiwemo akina mama, wanaposhuka miambani kumtafuta. Nje ya siku hizo tunamwondoa kwenye orodha.

Naweza kuweka kachumbari?

Kwenye ya wazi, ndiyo, iwe imechujwa na iwekwe dakika za mwisho. Kwenye ya kufunika, hapana.

Vipi kuhusu nzi, vumbi na usalama wa chakula?

Hoja ya nzi ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi ya sandwichi ya wazi, na tunaikubali. Chakula kilichoachwa wazi mezani katika mji wa pwani, hasa msimu wa embe, hakikai peke yake. Dawa yake watu wa pwani wanayo tangu zamani: kawa. Kawa iliyosukwa vizuri inazuia nzi, inapitisha hewa ili mkate usitoe jasho, na haigusi kitoweo, jambo ambalo karatasi ya plastiki haiwezi. Sinia moja, kawa moja, na inafunuliwa wageni wakishanawa.

Hata hivyo slesi ya juu isikudanganye. Inazuia nzi, lakini haizuii bakteria ambao tayari wamo ndani ya kuku, yai au samaki. Bakteria hao huongezeka upesi kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, na kanuni inayotumika sana ni kwamba chakula cha namna hiyo kisikae nje ya ubaridi zaidi ya saa mbili, au saa moja joto likizidi nyuzi 32. Kanuni hiyo inazibana zote mbili sawasawa. Tofauti ni kwamba ya wazi huonesha dalili za kuchoka, wakati ya kufunika inaweza kuonekana nzuri kabisa saa saba mchana huku ndani imekwisha kuharibika. Tunapopeleka oda, tunaandika saa ya kutengenezwa juu ya boksi, na tunawaomba wenyeji wa kikao wasizigawe zilizobaki kwa walinzi jioni. Ukarimu huo unaweza kumlaza mtu hospitalini.

Je, ya wazi haiwezi kubebwa kabisa?

Wanorwe wanaibeba kila siku. Chakula chao cha mchana cha kazini na shuleni ni slesi za wazi zilizopangwa moja juu ya nyingine, na kati yake huwekwa karatasi maalumu inayokatwa kwa ukubwa wa slesi. Lakini tazama wanachoweka juu: jibini iliyokatwa bapa, soseji, vitu vikavu visivyo na mchuzi, na hali ya hewa yao yenyewe ni friji kwa miezi mingi. Anayepanda basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 500, na sandwichi za pweza zilizo wazi kwenye mapaja, atajuta kabla ya kufika Mingoyo. Kwa basi tunashauri ya kufunika yenye yai lililokaangwa likaiva kabisa au siagi ya karanga, ifungwe kwa karatasi kwanza na mfuko baadaye, na iliwe mapema.

Ya wazi si ni nusu ya bei, kwa kuwa mkate ni nusu?

Mkate wenye slesi 16 unatoa sandwichi 8 za kufunika au 16 za wazi. Hesabu hiyo ni sahihi, ila gharama kubwa haiko kwenye mkate. Iko kwenye kitoweo, na ya wazi haifichi kitu. Katika ya kufunika, muuzaji mjanja hurundika kitoweo katikati, akakata pembetatu mbili, akaonesha upande wa kisu kwa mteja. Pembeni ni mkate na mkate. Kila mtu aliyewahi kununua chakula stendi ameikuta hiyo. Slesi ya wazi inatakiwa ijae mpaka ukingoni, na inachukua muda zaidi kuipanga, kwa hiyo kwetu bei ya moja ya wazi ya samaki inakaribia ya moja ya kufunika, na hatuoni aibu kuieleza.

Ninapunguza wanga. Je, ya wazi itanisaidia?

Itakusaidia ukila moja. Ukila mbili, umekula mkate uleule pamoja na kitoweo mara mbili. Mwenye kisukari afuate ushauri wa daktari wake.

Inaliwaje bila kuvunja heshima?

Kwa kisu na uma, ikiwa vimewekwa. Visipowekwa, nawa, shika kwa mkono wa kulia kwenye ukingo wa nyuma, na anzia kona iliyo nyembamba. Wako wanaoikunja katikati wakaigeuza kuwa ya kufunika. Si utovu wa adabu, na kwa slesi isiyotostiwa ni busara. Sisi huikata vipande vitatu kabla ya kuipanga kitoweo, kwa sababu kuikata baadaye ni kukibomoa, na kipande cha mara mbili mdomoni hakimsumbui mzee wala anayezungumza kikaoni.

Mgeni wa heshima hataona nimembania?

Anaweza. Mama mkwe aliyesafiri kutoka Nachingwea akiwekewa slesi moja moja yenye vitu juu, huenda akasubiri kwa utulivu chakula chenyewe kiletwe. Usianze kwa maelezo ya Wadenmark. Panga sinia kubwa lenye aina nne au tano, jaza nafasi zote, weka chai ya maziwa na vitu vya kushibisha kama mihogo pembeni, kisha mkaribishe kama unavyokaribisha siku zote. Kwa wageni wa futari, ya wazi ya yai na ya tambi-tamu zilizopondwa na maziwa hatuzipendekezi hata kidogo. Mtu aliyefunga anataka uji, mihogo na tende, na sandwichi ya aina yoyote ingoje daku.

Nikitaka ya moto, yenye jibini iliyoyeyuka?

Ya kufunika inabanwa kwenye kikaango kwa kuiwekea sufuria nzito juu, ikageuzwa mara moja. Ya wazi inahitaji moto wa juu, na wengi hudhani kwamba bila oveni haiwezekani. Kumbe chombo kipo: ni kilekile cha kuokea mkate wa kumimina. Weka sufuria pana juu ya moto mdogo sana, tandika wavu au vijiwe ndani, panga slesi zenye jibini, funika kwa mfuniko wa bati, na juu ya mfuniko weka makaa mengi. Jibini inaanza kutoa mapovu upesi na mkate chini haujaungua. Matokeo ni mazuri kuliko ya kubana, kwa sababu jibini inapata ngozi ya kahawia ambayo haipatikani ikiwa imefichwa ndani.

Na vitu vitamu? Korosho je?

Siagi ya korosho, yaani korosho zilizokaangwa na kusagwa mpaka zitoe mafuta, inashikamana na mkate na haitoi maji, hivyo ni kitoweo bora cha ya kufunika. Tunashangaa kwamba katika mkoa wa korosho watu wengi bado wananunua siagi ya karanga iliyotoka mbali. Ipake pamoja na jemu ya mabibo kama unaipata msimu wa mavuno. Kwa ya wazi, paka siagi hiyohiyo, panga ndizi mbivu na umalizie kwa korosho zilizopasuliwa vipande, ambazo kwenye ya kufunika zingetoboa mkate.

Mtoto wa shule nimfungie ipi?

Ya kufunika. Ataifungua mwenyewe aone kilichomo, halafu atakula kitoweo kwanza.

Nina kikao cha watu 40. Niagize kwa mpango gani?

Tuambie kwanza kama wajumbe watakaa kwenye meza au watasimama na kikombe mkononi, na kama chai yenu huwa inaanza kwa wakati. Wakiwa na meza na ratiba yenu ni ya kuaminika, tunashauri theluthi mbili ziwe za wazi, tunazozimalizia papo hapo ukumbini, na theluthi moja ziwe za kufunika kwa ajili ya wanaochelewa. Wakisimama, au mgeni rasmi akiwa ni mtu wa kusubiriwa, agiza za kufunika zote. Oda za pweza zitolewe siku mbili kabla, na ukumbi uwe na sehemu ya kunawia mikono.